Bakuli la Chai la Hamdam

Ergash hakuwahi kuutaka ukubwa. Alipokuwa mwalimu mstaafu wa historia, ndevu zimeshakuwa nyeupe, kila mtu wa Okarik katika Bonde la Fergana alijua kwamba mzee yule alikataa ualimu mkuu mara tatu na uenyekiti wa mtaa mara moja. Hata kwenye arusi za jamaa zake hakukubali kukabidhiwa jiko la pilau. "Karoti nitakata," alikuwa akisema. "Kusimamia, tafuteni mwingine." Vijana walidhani ni uvivu wa uzeeni. Rika lake halikudhani hivyo, maana wao waliikumbuka pamba ya mwaka 1979.

Alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Saodat, mjane aliyefuga viwavi wa hariri kwa ajili ya shamba la ushirika. Kila miti ilipoanza kuchipua, viwavi walipewa chumba kikubwa, mama na mwana wakahamia barazani. Kiwavi hana adabu ya kusubiri. Hula mchana, hula usiku, na akikosa jani nusu siku hariri yake huwa si kitu. Kwa hiyo tangu utotoni Ergash aliamka kabla ya watu wote akakwea miforsadi, miti ambayo majani yake ndiyo chakula cha viwavi, kukata matawi, na mazoea hayo ya kuamka mapema hayakumtoka tena. Ndiyo yaliyomponza.

Ng'ambo ya mfereji aliishi Hamdam, mwana wa Mzee Turdi fundi wa vitanda vya watoto wachanga. Hamdam alikuwa na vidole vinene na mdomo mwepesi. Wavulana hawa wawili walikula mkate wa tanuri moja, na majira ya baridi walitumwa pamoja kuhudumia baraza la rika la Kambar, mjomba wake Ergash.

Wakati huo wanaume wa rika moja walikuwa na baraza lao. Watu kumi na wanane, kila Alhamisi nyumba hii, Alhamisi nyingine nyumba ile, wakiketi duara kwenye magodoro membamba kuzunguka kitambaa cha chakula. Mmoja alichaguliwa kuwa mkuu, na mkuu ndiye aliyeshika birika. Kambar alilishika miaka ishirini na sita. Hakupata kupandisha sauti. Aliyechelewa alimwona Kambar akimtazama tu, akaketi mwenyewe karibu na mlango, mahali pa chini. Mwenye shida hakuisema. Kambar aliijua kwa namna mtu alivyokuwa anavunja mkate.

Kazi kubwa ilikuwa kumimina chai. Mgeni anayeheshimiwa hupewa mafunda mawili tu chini ya bakuli, ili bakuli lirudi, mkono wa mwenyeji umfikie tena na tena. Anayejaziwa hadi ukingoni ameambiwa: kunywa uende zako. Katika miaka ile yote Kambar alimjazia mtu mmoja tu, aliyempiga mama yake mwenyewe. Mtu yule alikunywa, akalipindua bakuli, akatoka. Na desturi ilijulikana: aliyejaziwa kwa haki ndiye hurudi na mkate kuomba radhi. Aliyejaziwa kwa makosa hungoja kwao, na aliyemimina humfuata na mikate miwili kabla siku tatu hazijaisha. Zikiisha, kila mtu na njia yake. Ergash na Hamdam walisimama mlangoni na mitungi ya maji ya moto wakayaona hayo, hakuna aliyewaeleza.

Mwaka 1978 wote wawili waliingia chuo cha ualimu mjini. Siku ya kwanza naibu mkuu wa kitivo aliingia darasani na karatasi mkononi. "Kundi hili linataka mkuu wake. Nani?"

Watu ishirini na wanne wakaangalia viatu vyao. Ndipo sauti ya Hamdam ikatoka nyuma. "Ergash. Huyu huamka kabla ya jogoo. Jogoo wa kwao walimchinja, maana hakuwa na kazi tena."

Darasa likacheka, mikono ikapanda, naibu akaandika. Kwa kicheko kimoja Ergash akawa mkubwa.

"Umenifanyia nini?" alimuuliza Hamdam huko nje.

"Nimekupa cheo, bwana. Wengine huhonga."

"Na mimi nisaidiwe na nani?"

"Na mimi. Nitakuwa raia wako mtiifu kuliko wote."

Waswahili husema ukubwa ni jaa, kila mtu hutupa takataka zake hapo, na Ergash alizipokea tangu wiki ya kwanza. Vitanda vya bweni vikipungua, ni Ergash. Mwalimu hakuja, ni Ergash. Dirisha limevunjika, nani alivunja, Ergash hujui, wewe mkuu gani? Alikabidhiwa daftari la mahudhurio lenye jalada jeusi, akawa analala nalo chini ya mto. Kufagia bweni kulikuwa kwa zamu, na zamu ya tatu ilikuwa ya Tesha, aliyetoka jeshini na kuwazidi wenzake miaka mitatu.

"Kaka Tesha, leo ni wewe," Ergash alisema, kwa adabu, maana kaka ni kaka.

"Dogo, nimefagia kambi ya jeshi miaka miwili. Nimemaliza kufagia kwa maisha haya na yajayo."

Ergash akachukua ufagio. Kesho yake wa nne naye akakumbuka kwamba mgongo unamuuma.

Wa kwanza kuomba upendeleo wa daftari alikuwa Hamdam. "Niandike nipo, bwana mkuu. Jiografia ya asubuhi inanipa homa." Ergash alimwandika. Wiki iliyofuata walikuwa saba wenye homa. Halafu mwalimu wa jiografia, mzee asiyeona vizuri lakini anayejua kuhesabu, akahesabu vichwa kumi na sita mahali daftari lilipodai ishirini na tatu. Alichoambiwa Ergash siku hiyo hakukirudia kwa mtu. Tangu hapo aliandika kweli tupu, na "hayupo" ya kwanza ilimwangukia Hamdam, akaitwa kujieleza mbele ya baraza la chuo.

"Uliniandika," Hamdam alisema jioni.

"Hukuwepo."

"Najua sikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa sipo. Nilikuwa kitandani, ukanipita ukaniona."

"Nilikuamsha mara mbili."

"Ya tatu ungenivuta mguu. Mjomba wako angenivuta mguu. Asingeniandika."

Ergash alilifunga daftari lake. Kambar hakuwa na daftari. Mtu akishapewa daftari, mkono hupenda kuandika kuliko kuvuta mguu, ni rahisi zaidi. Tangu siku ile Hamdam alizidi kumwita bwana mkuu, na kicheko kilipungua ndani ya neno hilo, mpaka likawa kama jina la mtu mwingine.

Septemba ya mwaka wa pili vyuo vilifungwa kama ilivyokuwa kila mwaka, wanafunzi wakapakiwa kwenye malori kwenda kuchuma pamba. Kundi la Ergash lilipelekwa shamba moja la ushirika, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Okarik. Wavulana walilala kwenye jumba la sinema la shamba, juu ya majani makavu. Wasichana kwenye shule ya watoto. Sheria ilikuwa moja na kila mtu aliijua: atakayeondoka shambani bila ruhusa ametoroka, na mtoro hana nafasi chuoni. Asiye na nafasi chuoni alipelekwa jeshini.

Kiwango kilikuwa kilo sitini kwa mtu kwa siku. Mohira, binti mwembamba wa Rishton, alichuma tisini huku akiimba. Tesha alichuma sitini kamili, akalala mferejini. Hamdam, kwa vidole vile vya useremala, hakuwahi kufika arobaini. Jina la kundi lilikaa mwisho kwenye ubao mbele ya mizani, na kila jioni Sattorov, mjumbe wa wilaya, alilisoma mbele ya makundi yote kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Aliyesimama kusikiliza kwa niaba ya wenzake alikuwa Ergash.

Siku ya kumi na tisa Hamdam alileta gunia la kilo sitini na moja. Mpima akalinyanyua, akaliweka chini, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa tikiti zima la manjano. Makundi manne yalicheka mpaka watu wakaketi chini.

"Pamba ya aina hii hatujawahi kuipima," alisema mpima. "Ina mbegu kubwa."

Hamdam alimtazama Ergash. Alidhani angecheka naye. Tikiti lile alilitia kwa ajili yake, ili jioni moja asisimamishwe. Ergash hakucheka. Aliona macho ya Sattorov tu. "Ukirudia upuuzi huu," alisema mbele ya watu, "mimi sikujui."

"Sawa, bwana mkuu."

Kesho yake adhuhuri walikaa kula kando ya mfereji, wavulana duara lao, wasichana lao. Kulikuwa na mkate, vitunguu na zabibu kavu. Ergash alishika birika. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Aliichukua mwenyewe siku ya kwanza ya pamba, akitumaini kwamba kule daftari lilikoshindwa, birika lingefaa. Na kwa kweli lilikuwa limeanza kufaa. Tesha mwenyewe, alipopokea mafunda yake mawili, aliweka mkono kifuani, na siku mbili za karibuni alifagia bila kuambiwa.

Hamdam alikaa wa tano kutoka kulia. Ergash alikuwa amekwisha kuwamiminia wanne, bakuli la tano li mkononi, pikipiki ya Sattorov ilipopanda tuta la mfereji ikasimama nyuma yake.

"Wewe, mkuu. Jana tikiti. Leo ni nini, nyanya?"

"Leo tutafikia, ndugu Sattorov."

"Nitazame ninaposema nawe."

Ergash akageuza shingo. Mkono ukaendelea kumimina. "Mnalitia aibu shamba," alisema Sattorov, "mnanitia aibu mimi, mwishowe nitaandika chuoni kwenu kwamba kundi hili halina mkuu, lina mpika chai." Ergash alisema ndiyo, ndugu Sattorov, ndiyo, na huku macho yake yako kwenye pikipiki, akanyoosha bakuli kwa mkono uliofuata.

Lilipopokelewa ndipo alipolitazama. Chai ilikuwa imefika ukingoni, imevimba juu kidogo kama maji ya mfereji kabla ya kuvunja ukuta, na tone moja lilishuka kwenye kidole kinene cha Hamdam.

Mikono yote ya duara ilisimama juu ya mkate. Hawa walikuwa watoto wa bonde lile, hapakuwa na wa kuelezwa. Sattorov peke yake, aliyekulia ofisini, hakuona kitu. Alikuwa anawasha sigara.

Ergash alijua la kufanya. Mtoto wa miaka sita angejua. Ni kunyoosha mkono, kurudisha bakuli, kuimwaga chai, kusema: nisamehe ndugu yangu, mkono umeteleza. Maneno matano, basi. Lakini Sattorov alikuwa amesimama pale, ameshamwita mpika chai, na Ergash akaona kuomba radhi mbele yake, kwa mtu wa tikiti, kutamaliza kile kidogo kilichobaki cha ukubwa wake. Akajiambia: nitamwambia baadaye, akiondoka huyu. Akamimina bakuli la sita.

Hamdam alikunywa yote. Ilikuwa ya moto, aliinywa polepole mpaka tone la mwisho. Akalipindua bakuli juu ya kitambaa, akavaa kofia yake vizuri, akavuka mfereji kwa kuruka, akaondoka akipita katikati ya mistari ya pamba bila kugeuka.

"Huyo anakwenda wapi?" aliuliza Sattorov.

"Kujisaidia," alisema Tesha.

Mchana ule Ergash alichuma akiangalia upande wa barabara. Mohira akasogea hadi mstari wa jirani, jambo ambalo msichana hakulifanya bila sababu.

"Kaka Ergash, wasichana wote wameona."

"Mkono uliteleza."

"Sisi tunajua. Yeye je? Mfuate sasa, hajafika mbali."

"Nikienda, mizani atasimamia nani? Nitakuwa mtoro na mimi."

"Wewe ni mkuu. Ukienda kumrudisha mtu wako, hiyo ndiyo kazi yako."

"Atarudi mwenyewe jioni. Namjua."

Mohira alimtazama, akarudi kwenye mstari wake. Hakuimba tena siku hiyo.

Hamdam hakurudi. Jioni makundi yalipangwa mbele ya ubao, Ergash akafungua daftari, na Mwalimu Yokub, mzee wa hisabati aliyetumwa kuwaangalia, akasimama kando na taa ya chemli ingawa jua lilikuwa halijazama. Majina yakaitwa. Walipofika kwa Hamdam, mtu mmoja nyuma akajibu "Yupo" kwa sauti ya kubana pua, na wengine wakakohoa. Ingepita. Sattorov alikuwa anazungumza na mpima.

Ergash akasema, "Hayupo."

Sattorov akageuka.

"Hayupo kwa sababu yangu," Ergash aliendelea. Aliyasema yote, mbele ya makundi manne: kwamba alimjazia bakuli bila kukusudia, kwamba aliona, kwamba alinyamaza. "Hakutoroka. Mimi nimemfukuza."

Mwalimu Yokub alishusha taa. Yeye alikuwa mtu wa zamani, alielewa neno kwa neno. "Ndugu Sattorov," alisema, "kijana huyu alitolewa barazani. Hakuweza kubaki. Nipe siku moja warudishane."

"Kutolewa barazani." Sattorov alichukua daftari akalifunua kama anatafuta kitu. "Mwalimu, hapa kuna nafasi ya kuandika yupo, hayupo, mgonjwa, ametoroka. Nafasi ya chai sijaiona. Andika ametoroka, mkuu, utie sahihi."

"Sitaandika."

"Basi si mkuu. Nani atatia sahihi?"

Kila mtu alitazama viatu vyake tena, kama siku ile ya uchaguzi, ila safari hii hakuna aliyefanya mzaha. Mwishowe kalamu ikawekwa mkononi mwa Tesha. Tesha alishasaini karatasi nyingi jeshini. Alisaini. Alipopita karibu na Ergash alisema chini chini, "Usinitazame hivyo, dogo. Ungenyoosha mkono mchana, mimi nisingeshika kalamu jioni."

Ergash alilala kwenye majani akijiona mtu safi. Alikuwa amesema kweli mbele ya watu mia, amepoteza cheo kwa ajili ya rafiki. Ni Mwalimu Yokub aliyemtoa usingizi huo asubuhi, wakinawa mferejini.

"Jana ulisema vizuri sana," alisema mzee. "Umewaambia wote, isipokuwa Hamdam mwenyewe. Siku ya ngapi?"

"Leo ya pili."

"Nitakuandika mgonjwa. Nenda."

Lakini siku ya pili Sattorov aliketi kwenye tuta kutwa nzima, pikipiki imelala kando yake, na Ergash aliogopa. Tuseme lilivyo: aliogopa. Alimfikiria mama yake na viwavi, miaka yote ile ya kukata matawi ili mwana mmoja asome. Alichuma kilo sabini na nne.

Siku ya tatu alitoka kabla ya wenzake kuamka, kama alivyotoka maisha yake yote. Mikate miwili aliipata kwa mwanamke mmoja wa shamba aliyekuwa anaitoa tanurini. Aliposikia ni ya nini, akaifunga kwa kitambaa chake safi. Ergash alitembea saa tatu, mikate imempasha kifua, akipanga maneno. Alifika mlangoni kwa Mzee Turdi jua likiwa juu ya miforsadi.

Aliyefungua ni mama yake Hamdam. Aliangalia kitambaa, akajua.

"Salaam, mama. Hamdam yupo?"

"Alingoja," alisema mama. "Juzi alikaa hapa kizingitini, hakula. Jana baba yake akamwambia, atakuja, yule ni mtoto wa kuamka mapema. Alikaa hadi giza. Leo alfajiri amechukua basi kwenda chuoni kuzidai karatasi zake. Amesema hatangoja kufukuzwa mara mbili."

"Siku ya tatu haijaisha, mama."

"Ndiyo, haijaisha. Nilimwambia. Akasema, mtu anayekuja siku ya tatu amehesabu."

Akaipokea mikate, kwa kuwa mkate haukataliwi. Akaibusu, akaiweka kichwani kidogo kama ipasavyo. Halafu akafanya jambo ambalo katika kijiji kile hakuwa amelifanya mtu kwa mtoto wa jirani: hakumkaribisha ndani. Alisimama mlangoni na mikate yake mpaka Ergash akageuka.

Ergash alikimbilia kituo cha basi, lakini basi la siku lilikuwa lile la alfajiri. Alirudi shambani akichechemea. Mwalimu Yokub alikuwa amemwandika mgonjwa, kwa hiyo yeye nafasi yake ilibaki. Ya Hamdam iliondoka siku ile ile, kwa sahihi yake mwenyewe, kabla karatasi ya Sattorov haijafika. Novemba walipotoka kwenye pamba, Hamdam alikuwa ameshapelekwa jeshini, kaskazini, kwenye baridi ya kujenga reli.

Maisha yaliyobaki ya Ergash yalikuwa ya kawaida. Alihitimu. Alirudi Okarik kufundisha, akaoa, akamzika mama, akalea mabinti watatu. Hamdam alirudi baada ya miaka miwili, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimeliwa na barafu, na kijiji kikamchagua kuwa mgawa maji wa mfereji mkubwa. Kazi hiyo ni ya ugomvi tupu, maana kila mtu hutaka maji yaanze kwake. Aliifanya miaka thelathini bila daftari. Aliyeiba zamu ya mwenzake alimkuta Hamdam ameketi kwenye tuta la shamba lake, hasemi kitu, anachonga kijiti. Walisalimiana, yeye na Ergash, kama watu wanaosalimiana: habari, salama, watoto, wazima. Kwenye shughuli waliketi pande mbili za kitambaa. Ergash hakushika birika tena. Alipokea chai, akapitisha.

Mabaraza ya rika yalikufa moja baada ya jingine. Walioanzisha mengine walikutana mkahawani, kila mtu na simu yake, mkuu wao ni yule mwenye gari. Chai ililetwa na mtumishi katika vikombe vya karatasi, imejaa hadi kwenye kifuniko, na hakuna aliyejiona amefukuzwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekaribishwa.

Mwaka jana, majira ya baridi, binti mdogo wa Ergash aliolewa. Usiku wa kuamkia pilau, kabla watu hawajawa wengi, wazee walikaa kukata karoti, visu saba kwenye ubao mmoja mrefu. Anayehudumia chai alikuwa mpwa wa bwana arusi, mwanafunzi wa chuo, mkuu wa kundi lake. Mwenyewe alilisema hilo mara mbili. Alipita akijaza mabakuli kama anayemwagilia vitunguu. Alipomfikia Hamdam, akamjazia hadi ukingoni, huku anaangalia simu.

Visu viliacha kukata. Kijana hakuona.

Hamdam alilitazama bakuli. Pengine angelinywa, alikuwa mtu mzima sasa, anajua watoto wa leo hawajui. Lakini Ergash alikuwa ameshainuka, magoti yakilia. Alinyoosha mkono juu ya karoti, akalichukua bakuli kutoka kwenye vidole vitatu vya rafiki yake, akaimwaga chai kwenye beseni. Akamnyang'anya kijana birika. Mdomo wa birika ukagonga ukingo wa bakuli. Akamimina kidogo, mafunda mawili, akaweka mkono wa kushoto kifuani.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema. "Mkono uliteleza."

Karibu na mlango mtu mmoja akacheka kwa kutoelewa. Hamdam alilipokea bakuli, akalipindisha kidogo kwenye taa kuangalia kilichomo.

"Umekuwa bahili, bwana mkuu," alisema. Akanywa, akalirudisha.

Ergash akammiminia tena, kidogo.